Kurutubisha Muhogo, Viazi na Karoti kwa Madini Kupitia Udongo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wakulima wa muhogo, viazi vitamu, viazi mviringo, karoti na magimbi, na huulizwa pia na wazazi na wahudumu wa lishe waliosikia kwamba mbolea inaweza kuongeza madini ndani ya chakula chenyewe. Habari hiyo ni ya kweli, lakini haihusu madini yote, wala mazao yote, wala kila shamba.

Kurutubisha mazao ya mizizi kupitia udongo ni kufanya nini hasa?

Ni kuweka katika udongo kiasi kidogo cha madini ambayo mwili wa binadamu huyahitaji, kama vile zinki, seleniamu au madini joto (iodini), ili mmea uyafyonze na kuyahifadhi katika sehemu inayoliwa. Njia hii ni tofauti na kuchanganya virutubishi katika unga kiwandani, na ni tofauti pia na kuzalisha mbegu mpya zenye uwezo wa asili wa kujaza virutubishi. Mkulima anabaki na mbegu yake ile ile na tuta lake lile lile, na kinachobadilika ni kile anachokiweka kwenye shimo au kwenye mfereji wa kupandia.

Kwa nini tushughulike na mizizi, ilhali inajulikana kuwa na madini machache?

Ni kwa sababu hiyo hiyo. Gramu 100 za muhogo mbichi huwa na takriban miligramu 0.34 za zinki na miligramu 0.27 za chuma. Kiazi kitamu na kiazi mviringo huwa na takriban miligramu 0.3 za zinki, na karoti huwa na chini kidogo ya hapo. Mwanamke mzima anahitaji takriban miligramu 8 za zinki kwa siku. Akila nusu kilo ya muhogo, amepata miligramu 1.7 tu. Katika kaya ambayo muhogo huliwa asubuhi kama kitafunio cha chai, mchana kama ugali wa makopa na usiku tena, upungufu huo haujitokezi kama njaa. Tumbo limejaa, lakini mtoto anadumaa, anaharisha mara kwa mara na vidonda vyake vinachelewa kupona. Wataalamu wa lishe huita hali hiyo njaa iliyofichika.

Hesabu hiyo hiyo inatulazimu kuwa wakweli kuhusu kinachowezekana. Hata mbolea ikifaulu kuongeza zinki ya muhogo mara mbili, nusu kilo itatoa miligramu 3.4, nayo bado haijafikia nusu ya mahitaji ya siku. Anayeambiwa kwamba mfuko mmoja wa mbolea utachukua nafasi ya maharage, dagaa, mayai na mboga za majani anadanganywa, na anayedanganywa hivyo ni mtu ambaye mtoto wake hawezi kusubiri.

Kuna jambo moja ambalo mizizi inazishinda nafaka na kunde. Mahindi, mtama na maharage huwa na fitati nyingi, nayo fitati hushikamana na zinki na chuma ndani ya utumbo na kuyazuia madini hayo yasiingie mwilini. Mizizi ina fitati kidogo, kwa hiyo kila miligramu inayoongezwa katika kiazi ina nafasi nzuri zaidi ya kufika katika damu kuliko ile inayoongezwa katika punje ya mahindi. Kiazi mviringo huleta pia vitamini C, ambayo husaidia chuma kufyonzwa.

Mzizi umo ndani ya udongo. Je, haunywi madini moja kwa moja?

Dhana hii ni ya kawaida, na inafaa kukaa nayo kidogo, kwa kuwa ndiyo inayoeleza kwa nini madini fulani hufika na mengine hayafiki. Muhogo unaouchimba ni mzizi uliovimba, na mzizi ukishaanza kuvimba uwezo wake wa kufyonza maji na madini hupungua sana. Kazi ya kufyonza inabaki kwa mizizi myembamba ambayo mkulima huitupa. Kiazi mviringo chenyewe si mzizi hata kidogo, bali ni shina lililonenepa chini ya ardhi. Madini yanayofyonzwa na mizizi myembamba hupanda pamoja na maji kuelekea majani, na kile kinachohifadhiwa chini hushuka baadaye kutoka majanini, kikiwa katika utomvu uleule unaobeba sukari ya kujazia kiazi au muhogo.

Kwa hiyo swali la kuuliza kuhusu kila madini ni hili: je, yakishapanda, yanaweza kushuka? Seleniamu hushuka vizuri. Zinki hushuka kwa kiasi cha wastani. Madini joto hupanda kwa wingi lakini hushuka kwa shida, ndiyo maana majani ya karoti hujaa madini hayo kuliko karoti yenyewe. Chuma hushuka kidogo sana. Karoti, figili na bitiruti zina nafuu fulani, kwa kuwa maji yanayopanda hupita ndani ya sehemu inayoliwa na huacha sehemu ya mzigo wake humo.

Basi ni madini gani yanayofaa kuwekwa udongoni kwa lengo hili?

Zinki ndiyo ya kwanza, nayo nasema hivyo bila kusita. Ni kirutubishi cha mmea na ni kirutubishi cha binadamu kwa wakati mmoja, hivyo penye upungufu mkulima huvuna zaidi na mlaji hula vizuri zaidi. Seleniamu na madini joto hazijathibitishwa kuwa za lazima kwa mazao yetu, hivyo mkulima anayezinunua hapati hata gunia moja la ziada. Faida yote ni ya mlaji. Ndiyo maana mahali palipofanikiwa kwa madini hayo mawili, ni serikali au mradi wa umma uliobeba uamuzi, na si mkulima mmoja mmoja.

Nitajuaje kama shamba langu lina upungufu wa zinki?

Mmea wenyewe hutoa dalili. Katika muhogo, majani machanga hutoka madogo, yenye mabaka meupe au ya manjano kati ya mishipa, na vidole vya jani huwa vyembamba na kujikunja. Katika viazi vitamu majani mapya hubaki madogo na yaliyopauka. Upungufu huonekana zaidi katika udongo wa kichanga uliolimwa miaka mingi bila samadi, katika udongo wenye chokaa nyingi kama ule wa matumbawe katika sehemu za visiwa na pwani, na mahali ambapo tabaka la juu limechukuliwa na mmomonyoko au limesukumwa na trekta wakati wa kusawazisha.

Hata hivyo macho hayatoshi, kwa sababu ugonjwa wa batobato na mashambulizi ya utitiri huweza kumchanganya hata mtu mzoefu. Kipimo cha udongo ndicho kinachoamua. Chukua udongo wa kina cha sentimita 0 hadi 20 kutoka sehemu 15 au 20 za shamba, uchanganye vizuri, kisha upeleke takriban nusu kilo maabara. Tumia ndoo ya plastiki. Ndoo ya bati na vifaa vilivyopakwa zinki huacha zinki katika sampuli, na mkulima huambiwa kwamba shamba lake halina shida ilhali linayo. Katika kipimo kinachotumia kemikali ya maabara iitwayo DTPA, ambacho ndicho kinachotumiwa sana, kiwango kilicho chini ya miligramu 0.6 hadi 1.0 kwa kilo ya udongo huhesabiwa kuwa ni upungufu. Nchini Tanzania, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, TARI Mlingano, kilichoko Tanga na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro hushughulika na uchunguzi wa udongo; nchini Kenya kazi hiyo hufanywa na KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo.

Pima pia pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, siku hiyo hiyo. Kila pH inapopanda kwa nukta moja, kiasi cha zinki kinachoyeyuka katika maji ya udongo hupungua kwa takriban mara mia moja. Shamba linaweza kuwa na zinki nyingi isiyoweza kufikiwa, na hapo kuongeza mbolea bila kujua pH ni kuitupa fedha.

Niweke kiasi gani, na lini?

Kiwango kinachopendekezwa mara nyingi ni kilo 5 hadi 10 za zinki halisi kwa hekta. Salfeti ya zinki ya kawaida, ile yenye maji mengi ndani ya chembe zake, ina takriban asilimia 22 ya zinki. Kilo 10 za salfeti hiyo kwa eka huleta kilo 2.2 za zinki, sawa na kilo 5.5 hivi kwa hekta, na hicho ni kiwango kizuri cha kuanzia. Kuna pia salfeti kavu zaidi yenye takriban asilimia 34, ambayo kilo 6 na nusu zake hufanya kazi hiyo hiyo. Soma lebo kabla ya kulinganisha bei.

Wengi huamini kwamba wameshaweka zinki kwa sababu wametumia mbolea ya mchanganyiko iliyoandikwa "yenye zinki". Mfuko wa kilo 50 wenye asilimia 0.5 ya zinki una gramu 250 tu. Ili kufikia kile kiwango cha kuanzia, eka moja ingehitaji karibu mifuko tisa. Mbolea hiyo inaweza kuwa nzuri sana kwa matumizi yake mengine, lakini haitoshi kurekebisha udongo uliokwisha zinki.

Zinki haisafiri mbali ndani ya udongo, kwa hiyo huwekwa wakati wa kupanda au kabla yake, na ichanganywe na udongo badala ya kuachwa juu. Kwa kuwa kilo 10 ni kiasi kidogo kutawanya katika eka nzima, changanya kwanza na mchanga mkavu au samadi iliyoiva ili kila tuta lipate sehemu yake. Kwa muhogo kuna njia ya gharama ndogo inayostahili kujulikana zaidi kuliko ilivyo sasa: vipande vya shina vya kupandia hulowekwa kwa dakika 15 katika maji yenye gramu 20 hadi 40 za salfeti ya zinki kwa kila lita, kisha hupandwa. Njia hii hulenga kuuokoa mmea mchanga dhidi ya upungufu. Haibebi zinki ya kutosha kubadilisha mzizi utakaochimbwa mwaka unaofuata.

Je, naweza kuichanganya na DAP, chokaa au samadi?

Samadi na mboji ni marafiki wa zinki. Zina zinki yake ndani, na vitu vinavyotokana na kuoza kwake huishika zinki kwa namna ambayo mzizi unaweza kuipata. Aidha, muhogo hutegemea sana kuvu wanaoishi katika mizizi yake myembamba ili kufyonza fosforasi na zinki, na udongo wenye mboji, usiochomwa moto kila mwaka, huwatunza kuvu hao.

Fosforasi nyingi huukandamiza ufyonzaji wa zinki. Mkulima aliyeweka DAP, ambayo ni mbolea yenye fosforasi nyingi, kwa wingi kwa miaka mingi huenda ndiye aliyeuleta upungufu anaouona leo. Usiyeyushe salfeti ya zinki na DAP katika pipa moja, kwa sababu hugandamana na kutua chini. Chokaa nayo ina nafasi yake katika udongo wenye uchachu mkali, lakini iwekwe wiki kadhaa mapema, kwa kiasi kilichopendekezwa na maabara, na lengo lisiwe kuvuka pH ya 6.5.

Kwa nini hamzungumzii chuma, ilhali upungufu wa damu ndio tatizo kubwa?

Udongo wetu mwekundu ni mwekundu kwa sababu ya chuma. Kipo kwa wingi, ila kimefungwa katika hali isiyoyeyuka. Salfeti ya chuma ikiwekwa shambani hugeuka kuwa kutu kama ile iliyopo tayari, mara nyingi kabla mmea haujanufaika. Kile kidogo kinachofyonzwa hakishuki vizuri kwenda kwenye kiazi. Kwa chuma, njia iliyozaa matunda ni ya mbegu, kama maharage yenye chuma kingi yaliyosambazwa nchini Rwanda. Mama mjamzito mwenye upungufu wa damu aende kliniki, asisubiri mavuno.

Na vitamini A? Viazi vya rangi ya chungwa vinatokana na mbolea gani?

Havitokani na mbolea. Vitamini A si madini, na hakuna kitu cha kuweka udongoni kitakachogeuza kiazi cheupe kuwa cha rangi ya chungwa. Viazi lishe ni kazi ya uzalishaji wa mbegu, kazi iliyowapatia Maria Andrade, Robert Mwanga, Jan Low na Howarth Bouis Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Kiasi cha gramu 125 cha aina nyingi za viazi hivyo hutosheleza mahitaji ya vitamini A ya mtoto mdogo kwa siku. Mwanga ni mtafiti wa Uganda, na aina ya Kabode iliyotoka huko sasa inalimwa na majirani.

Ushauri wangu ni kuunganisha njia hizi mbili. Panda marando ya viazi lishe katika udongo uliorekebishwa zinki. Mwili hutumia zinki katika kuitoa vitamini A kwenye ini na kuisafirisha, kwa hiyo mtoto mwenye upungufu wa vyote viwili hunufaika zaidi anapopata vyote viwili.

Madini joto yanaweza kupitishwa kwenye udongo?

Yanaweza, na mfano mkubwa kuliko yote unatoka Xinjiang, magharibi ya China. Katika miaka ya 1990, katika eneo la Hotan ambako chumvi yenye madini joto haikuwafikia watu, iodati ya potasiamu ilidondoshwa katika mifereji ya kumwagilia mashamba. Madini yakapita kutoka udongo hadi mazao, kutoka mazao hadi mifugo, na kutoka hapo hadi kwa watu. Taarifa iliyochapishwa mwaka 1997 ilionyesha kwamba vifo vya watoto wachanga katika maeneo yaliyopata maji hayo vilipungua kwa takriban nusu. Huenda watu wengi hawaoni uhusiano kati ya rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo unaoletwa na ukosefu wa madini joto, na kifo cha mtoto mchanga, lakini upo.

Majaribio ya mboga nchini Ujerumani na Poland yameonyesha kwamba iodati hufanya kazi vizuri zaidi udongoni kuliko iodidi, na kwamba karoti huipokea. Tatizo ni kwamba madini joto hushikwa na mboji au kupotea hewani, na baada ya wiki chache yanayobaki kwa ajili ya mmea ni machache. Kwa wakazi wa nyanda za juu za Tanzania, ambako rovu limejulikana kwa vizazi vingi, chumvi yenye madini joto ni rahisi zaidi, ya uhakika zaidi na inapimika. Tuilinde kwanza hiyo. Mbolea ya madini joto ina maana pale tu ambapo chumvi hiyo haifiki.

Seleniamu ni nini, na kwa nini watu wanaonya sana kuihusu?

Ni madini ambayo mtu mzima anayahitaji kwa kiasi cha takriban mikrogramu 55 kwa siku, yaani sehemu ndogo sana ya miligramu moja. Ikipungua sana, moyo na misuli hudhurika: ugonjwa wa Keshan, uliopewa jina la wilaya ya China ulikotambuliwa mwaka 1935, uliua watoto na wanawake vijana kwa kushindwa kwa moyo. Ikizidi, hudhuru pia. Katika Enshi, China hiyo hiyo, watu walipoteza nywele na kucha miaka ya 1960 kwa sababu ya mazao yaliyojaa seleniamu. Kikomo cha juu kinachotumiwa Marekani ni mikrogramu 400, na Ulaya kimeshushwa zaidi ya hapo. Nafasi kati ya haitoshi na imezidi ni nyembamba.

Finland ndiyo nchi iliyolibeba jambo hili kitaifa. Mwaka 1984 iliamuliwa kwamba seleniamu iongezwe katika mbolea za mchanganyiko zinazouzwa nchini humo. Wastani wa ulaji ulipanda kutoka takriban mikrogramu 40 kwa siku hadi kuzidi 100, na kiwango kilipoonekana kuwa juu kilipunguzwa mwaka 1990, kisha kikaongezwa tena taratibu mwaka 1998 na 2007. Sasa ulaji ni karibu mikrogramu 80. Kilichoiwezesha Finland kufanya hivyo ni vipimo vya damu, maziwa, nyama na nafaka vilivyofanywa mwaka baada ya mwaka, pamoja na mamlaka ya kubadilisha kiwango kiwandani. Kiasi kinachowekwa shambani ni takriban gramu 10 kwa hekta, jambo linaloonyesha kwa nini mkulima hawezi kuipima kwa kiganja. Italia nayo huuzwa viazi mviringo vyenye seleniamu kwa jina la Selenella, lakini huo ni mlolongo wa uzalishaji unaosimamiwa toka shambani hadi dukani.

Kuna onyo jingine ambalo ni la kwetu kabisa. Kaskazini mwa nchi iliyokuwa Zaire (sasa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo), katika eneo la Ubangi, watu walikuwa na upungufu wa madini joto na wa seleniamu kwa pamoja. Watafiti walipowapa seleniamu pekee watu ambao tezi zao zilikuwa tayari zimedhoofika kwa kukosa madini joto, hali ya tezi hizo ilizidi kuwa mbaya. Mahali penye rovu, madini joto hutangulia. Yeyote anayetaka kuwauzia wakulima wa muhogo mbolea ya seleniamu bila kujua hali yao ya madini joto asimamishwe.

Nasikia kunyunyizia majani ni bora kuliko kuweka udongoni. Ni kweli?

Inategemea unatafuta nini. Penye upungufu mkubwa udongoni, mbolea ya udongo hukuza mmea na mavuno tangu mwanzo, jambo ambalo dawa ya majani iliyochelewa haiwezi kulirudisha. Uturuki, kazi iliyoongozwa na Ismail Cakmak katika nyanda za Anatolia ilionyesha hivyo kwa ngano: zinki ya udongo iliinua mavuno, na ya majani ikaongeza zinki ndani ya punje. Kwa viazi mviringo, majaribio ya Scotland yalifikisha zinki hadi takriban miligramu 30 kwa kilo ya kiazi kilichokaushwa kwa kunyunyizia majani, na kuongeza zaidi ya hapo hakukusaidia kwa kuwa mmea una kikomo cha kile unachoweza kukishusha.

Mkulima wa Njombe, Mbeya au Nyandarua mwenye bomba la lita 20 anaweza kuyeyusha gramu 100 za salfeti ya zinki, anyunyizie jioni wakati viazi vinaanza kujaa, na arudie baada ya wiki mbili. Kwa muhogo unaokaa shambani mwaka mzima na kuzidi kimo cha mtu, kunyunyizia ni kazi ngumu, na udongo unabaki kuwa njia inayofaa.

Je, mbolea inaweza kuongeza sumu katika muhogo?

Muhogo una viasili vinavyotoa sayanidi, na wingi wake hubadilika kulingana na aina, ukame na hali ya udongo. Konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ghafla ambao jina lake limetoka katika Kiyaka cha Kwango nchini Kongo, umewahi kuzuka pia Tarime na Mtwara. Utafiti uliofanywa Mtwara na kuchapishwa mwaka 2019 ulichunguza uhusiano kati ya udongo usio na virutubishi vya kutosha na sayanidi katika muhogo wa maeneo yaliyopata konzo. Naitrojeni nyingi bila potasiamu haifai, kwa kuwa huweza kuiongeza sayanidi hiyo. Mbolea iliyo sawia, yenye potasiamu ya kutosha, ndiyo salama.

Sayanidi ikishaingia mwilini hugeuzwa kuwa thayosayaneti, na hiyo huzuia tezi isichukue madini joto. Hivyo muhogo mchungu usioandaliwa vizuri huweza kuharibu kile ambacho chumvi au mbolea imekileta. Kamwe usipunguze siku za kuloweka au kuvundika kwa hofu ya kupoteza madini. Usalama wa mlaji uko mbele ya miligramu yoyote ya zinki.

Vipi kuhusu metali zenye sumu, kama kadimi?

Swali hili ni zito kuliko linavyochukuliwa. Mazao ya mizizi hupokea kadimi kwa urahisi, nayo kadimi hukaa katika figo za binadamu kwa miongo. Huja na baadhi ya mbolea za fosfati, na huja pia na salfeti ya zinki iliyotengenezwa kutokana na taka za viwandani. Nunua bidhaa iliyosajiliwa na mamlaka ya mbolea, iliyofungwa kiwandani, na ukatae unga wa bei ya chini unaopimwa kwenye gazeti. Zinki safi ya kutosha, kwa upande wake, hushindana na kadimi katika kuingia kwenye mzizi, jambo linalotupa sababu ya ziada ya kuitumia. Majitaka na tope la mabwawa yake yasiwekwe katika shamba la karoti.

Nipikeje ili nisipoteze nilichokiweka?

Kiazi mviringo na kiazi kitamu vioshwe vizuri na vichemshwe na maganda yake, kwa sababu madini mengi zaidi yamo karibu na ganda na maji huyachukua taratibu zaidi likiwapo. Madini joto ndiyo yanayotoka kwa urahisi kuingia kwenye maji. Karoti za kuchemsha ziliwe pamoja na mchuzi wake. Muhogo umenyewe, uandaliwe kama nilivyoeleza, na maji yake yamwagwe.

Je, majani nayo yananufaika?

Yananufaika kuliko mizizi. Kwa kuwa madini hupanda kwanza, kisamvu na matembele ya shamba lililowekewa zinki hupata sehemu kubwa, na hata bila mbolea majani hayo yana chuma na zinki nyingi kuliko muhogo au kiazi chenyewe. Vuna majani machache machache bila kuudhoofisha mmea, twanga kisamvu vizuri na ukipike kwa muda mrefu. Napenda jambo hili lisemwe katika kila mafunzo ya wakulima, kwa sababu halina gharama, na mara nyingi linasahaulika kwa kuwa kisamvu kimezoeleka.

Nikishaweka, madini hudumu kwa muda gani?

Zinki hudumu. Tani 20 za muhogo kutoka hekta moja huondoka na takriban gramu 68 za zinki katika mizizi, ilhali umeweka zaidi ya kilo 5. Sehemu ya inayobaki hushikwa na udongo, lakini nyingine huendelea kuuhudumia mmea kwa misimu mitatu hadi mitano, hivyo pima tena kabla ya kurudia. Ukirudia kila mwaka bila kipimo utaipandisha zinki hadi iuumize mmea, na kuiondoa udongoni ni kazi ngumu. Seleniamu ya aina inayotumika katika mbolea hudumu msimu mmoja tu, na madini joto muda mfupi zaidi ya huo.